Hadubini Chini ya Mlima Kenya: Historia ya Picha za Seli na Protini

Historia ya picha za seli na za molekuli za protini imezoeleka kusimuliwa kana kwamba yote yalitendeka London, Cambridge na California, huku Afrika Mashariki ikitajwa kwa kupita tu kama mahali palipotolewa damu na palipojaa magonjwa. Usimulizi wa namna hiyo unaacha nje mambo makubwa. Hoja kwamba umbo la molekuli iliyomo katika damu ya mtu linaweza kuhusishwa na mwinuko wa ardhi waliyoishi mababu zake ilianza kukusanyiwa ushahidi katika msafara wa wanasayansi uliokuja Mlima Kenya mwaka 1949, na mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kutunukiwa shahada ya uzamivu, Wangari Maathai wa Ihithe, Nyeri, aliipata kwa kazi ya kutengeneza na kusoma picha za seli, ingawa watu wengi wanamkumbuka kwa miti peke yake.

Seli ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe inayoweza kuitwa hai, na seli nyekundu ya damu ya binadamu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, maikromita moja ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Protini ni molekuli, yaani fungu la atomi zilizoungana, ambayo imejengwa kwa mnyororo mrefu wa viungo viitwavyo asidi amino. Mnyororo huo hujikunja ukapata umbo lake maalumu, na umbo ndilo linaloamua kazi. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni, imejaa ndani ya kila seli nyekundu kwa idadi ya takribani molekuli milioni 270. Tofauti hii ya ukubwa ndiyo iliyogawa historia ya picha hizi katika njia mbili. Seli huonekana kwa hadubini ya kawaida inayotumia mwanga, lakini molekuli ya protini ni ndogo kuliko wimbi la mwanga wenyewe, kwa hiyo hakuna lenzi ya kawaida inayoweza kuionyesha, na kila picha ya protini ambayo mwanafunzi anaikuta kitabuni imepatikana kwa hesabu kwanza na kwa kuchorwa baadaye.

Damu ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Constantine nchini Algeria, aliona vimelea vya malaria vikitembea ndani ya damu ya mgonjwa na kuvichora, na mwaka 1904 Gustav Giemsa wa Hamburg akaikamilisha rangi ambayo mpaka leo inatumika katika maabara za zahanati kuvitambua vimelea hivyo: seli hubaki na wekundu uliopauka, kimelea kikapata mwili wa buluu na kiini chenye rangi ya zambarau inayoelekea wekundu. Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo na picha za seli nyekundu za ajabu, nyembamba na zilizopinda mithili ya mundu, zilizotoka katika damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyezaliwa kisiwani Grenada. Ugonjwa huo sasa unajulikana kwa Kiswahili kama selimundu. Kwa karibu miaka 40 baada ya Herrick, madaktari walikuwa na picha ya seli iliyopinda bila kujua kinachoipinda, na pia bila kujua kwa nini ugonjwa unaoua watoto wengi kiasi hicho haujatoweka duniani.

Majibu ya maswali hayo mawili yalianza kujitokeza mwaka mmoja, 1949, katika sehemu mbili zilizo mbali sana. Mwezi Novemba mwaka huo Linus Pauling na wenzake huko California walitangaza kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu ina chaji ya umeme iliyo tofauti na ya watu wengine, hivyo chanzo cha ugonjwa kimo ndani ya molekuli. Picha yao haikuwa na seli hata moja. Ilikuwa mistari ya grafu yenye vilele vilivyosogea, moja ya himoglobini ya kawaida, moja ya wagonjwa, na moja ya watu wenye sifa ya selimundu, yaani waliorithi nakala ya kubadilika kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambayo ilikuwa na vilele vyote viwili. Mwaka uo huo kijana wa miaka 24, Anthony Allison, alikuwa amejiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya.

Allison hakuwa mgeni wa nchi. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, lakini alilelewa katika shamba karibu na Gilgil, juu ya Bonde la Ufa, kabla ya kusoma Witwatersrand na kisha Oxford. Wenzake katika msafara walijishughulisha na mimea na wanyama wa ukanda wa juu, kule ambako lobelia hukua kupita kimo cha mtu na ambako kila usiku ni wa baridi kali, naye akajitwalia kazi ya kuchunguza makundi ya damu na sifa nyingine za kurithi miongoni mwa watu wa Kenya. Katika sifa hizo aliiweka selimundu. Alipolinganisha sampuli zake aliona mpangilio usiofuata lugha wala undugu wa makabila: karibu na bahari na karibu na Ziwa Victoria zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na sifa ya selimundu, lakini katika nyanda za juu zilizo katikati, pamoja na sehemu kame, hawakufika hata mtu mmoja katika 100.

Inafaa kukaa kidogo juu ya namna sifa hiyo ilivyotambuliwa katika tafiti za miaka ile, maana ndiyo picha yenyewe. Tone la damu kutoka kidoleni lilichanganywa na myeyuko wa sodiamu metabaisalfaiti, kemikali inayonyonya oksijeni, kwa njia iliyochapishwa mwaka 1948 na Daland na Castle. Likafunikwa kwa kigae chembamba cha kioo na kuachwa kwa muda. Damu isiyo na sifa ya selimundu hubaki na seli zake za duara. Damu yenye sifa hiyo, hata kama mwenyewe hajaugua siku moja maishani, huanza kubadilika chini ya lenzi: ukingo wa seli hukunjamana, ncha hutokeza upande mmoja kisha wa pili, na hatimaye uwanja mzima wa hadubini hujaa miundu midogo. Kwa njia hii mtafiti aliweza kusoma urithi wa mtu bila umeme wa maabara kubwa.

Allison aliona kwamba ramani aliyoipata inafanana na ramani nyingine iliyojulikana tayari, ile ya malaria. Kimelea hatari zaidi cha malaria, Plasmodium falciparum, kinahitaji joto ili kikamilishe ukuaji wake ndani ya mbu, na chini ya takribani nyuzi 18 za selisiasi ukuaji huo hukwama. Nyeri iko takribani mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na kwa karne nyingi baridi ya mlima ilikuwa kinga ya wakazi wake, kiasi kwamba hawakuhitaji kinga nyingine iliyomo ndani ya damu. Pwani na ziwani hali ilikuwa kinyume: mtoto aliyerithi nakala mbili za himoglobini iliyobadilika aliugua selimundu na mara nyingi alikufa mapema, aliyerithi mbili za kawaida alikabiliwa na malaria bila silaha, na aliyerithi moja ya kila aina alikuwa na nafasi nzuri kuliko wote ya kuishi mpaka azae. Ndivyo nakala inayoua ilivyobaki katika ukoo, ikilindwa na faida yake.

Wazo lilihitaji uthibitisho, na Allison, baada ya kumaliza masomo ya udaktari, alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953. Miongoni mwa watoto 290 wa Baganda aliowapima nchini Uganda, waliokuwa na sifa ya selimundu ni 43, na kati yao 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani karibu asilimia 28. Kati ya 247 wasio na sifa hiyo, 113 walikuwa na vimelea, yaani karibu asilimia 46. Alifanya pia jaribio kwa wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, ambao waliambukizwa malaria kwa makusudi kisha wakatibiwa: katika 15 wasio na sifa ya selimundu walioshikwa na vimelea ni 14, na katika 15 wenye sifa hiyo ni 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Leo jaribio kama hilo haliwezi kufanyika pasipo ridhaa ya maandishi na idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, na msomaji wa sasa hana budi kujiuliza ridhaa ilikuwa na uzito gani katika koloni la Kenya ambalo, tangu tarehe 20 Oktoba 1952, lilikuwa chini ya hali ya hatari, na ambalo vijiji vyake vya Nyeri vilikuja kuzungushiwa handaki na miiba. Majina ya waliotoa damu hayamo katika majedwali. Yamo majina ya makabila na hesabu. Hilo ni pengo la haki katika kazi ambayo kwa upande wa sayansi ilikuwa kubwa.

Ramani ya Allison inastahili kuhesabiwa miongoni mwa picha za protini, hata kama hakuna molekuli iliyochorwa ndani yake. Inaonyesha badiliko moja dogo la himoglobini kwa kipimo cha nchi nzima, kuanzia mikoko ya Kilifi kupita mashamba ya Nyeri hadi fuo za Kisumu, na inaonyesha jambo ambalo mchoro wa molekuli peke yake hauwezi kulionyesha, yaani kwa nini molekuli hiyo ipo mahali fulani na haipo pengine.

Baada ya ramani, maabara za Cambridge zilisonga mbele kwa kasi. Mwaka 1956 Vernon Ingram aliikata himoglobini vipande vipande kwa kimeng'enya, akavitandaza juu ya karatasi kwa umeme na kwa vimiminika, akapata karatasi yenye madoa kadhaa. Aliposhika karatasi ya damu ya kawaida na ya selimundu sambamba, madoa yote yalilingana isipokuwa moja. Doa hilo lilimfikisha kwenye chanzo: katika mnyororo wa beta wa himoglobini, wenye asidi amino 146, ile ya sita ambayo kwa kawaida ni asidi glutamiki imebadilishwa na valini. Valini haipendi maji, kwa hiyo himoglobini inapoachia oksijeni, molekuli moja hujibandika kwenye shimo dogo la molekuli jirani, hiyo kwa nyingine, mpaka zifanye nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma seli kutoka ndani na kuipa umbo la mundu. Yale ambayo Herrick aliyaona kwa hadubini yakawa yamepata maelezo katika kiungo kimoja kati ya mia moja arubaini na sita.

Max Perutz, ambaye alikuwa amehangaika na fuwele za himoglobini kwa zaidi ya miaka 20, alipata umbo lake la jumla mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kupitisha miale ya eksirei ndani ya fuwele na kuhesabu jinsi miale hiyo inavyotawanyika. Mwenzake John Kendrew alikuwa ametangulia kidogo na mayoglobini, protini ndogo zaidi ya misuli. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1962. Swali likawa jinsi ya kuwaonyesha wasomaji kitu chenye atomi maelfu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona. Jarida la Scientific American lilimpa kazi hiyo Irving Geis, mchoraji wa Marekani, na mchoro wake wa mayoglobini uliotoka mwaka 1961 ulimchukua miezi mingi ya kupaka rangi ya maji, atomi kwa atomi, akiweka mwanga kana kwamba unatoka katikati ya molekuli ambako kuna chuma. Mwanga huo haupo katika maumbile. Geis aliuweka ili jicho la msomaji lifike mahali penye kazi. Baadaye alichora pia himoglobini ya selimundu, na tangu hapo kila anayechora protini, pamoja na David Goodsell ambaye michoro yake ya ndani ya seli inasambaa sana leo, anafanya uamuzi wa aina ile ile: nini kikuzwe, nini kifichwe, rangi gani ipewe kitu kisicho na rangi ya kuonekana. Uamuzi huo si udanganyifu mradi mchoraji anausema wazi.

Uzi wa pili wa historia hii, ule wa picha za seli, unaanzia katika kijito. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe tarehe 1 Aprili 1940, alieleza katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel ya Amani huko Oslo mwaka 2004 jinsi alivyokuwa akitumwa maji utotoni, akacheza kati ya majani ya nduma na kujaribu kuziokota nyuzi za mayai ya chura akidhani ni shanga, nazo zikikatika kila alipozigusa. Baadaye akaona viluwiluwi weusi wakijaa majini. Kwa mtu wa elimu ya seli, simulizi hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa yai la chura ni mojawapo ya seli chache ambazo mtoto anaweza kuziona kwa macho matupu, na kugawanyika kwake, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, ndiko kulikowafundisha wanasayansi wa karne ya 19 jinsi mwili unavyojengwa.

Maathai alisoma shule ya msingi ya Ihithe, kisha shule ya bweni ya Mtakatifu Cecilia katika misheni ya Mathari, Nyeri, iliyoendeshwa na masista Wakonsolata, na baadaye Loreto Limuru. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliosafirishwa kwa ndege kwenda Marekani katika mpango uliohusishwa na jina la Kennedy, akachukua biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, jimbo la Kansas, hadi mwaka 1964. Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh alifanya shahada ya uzamili kwa kuchunguza tezi ya pineali, tezi ndogo iliyomo kichwani, ya kware wa Kijapani, na hapo ndipo alipojifunza vizuri ufundi wa kutayarisha tishu, yaani mkusanyiko wa seli zinazofanya kazi moja. Aliporudi Kenya mwaka 1966 alipokewa na Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, akawa msaidizi wa utafiti katika anatomia ya hadubini.

Ufundi huo wahitaji kuelezwa, kwa sababu anayeiona picha ya seli kitabuni hufikiri imepigwa tu, ilhali imetengenezwa kwa mkono hatua baada ya hatua. Kipande cha tishu kidogo kama punje ya mahindi hutiwa ndani ya fomalini ili kisioze na umbo la seli lisibadilike. Kisha hupitishwa katika alikoholi yenye nguvu inayoongezeka hadi maji yote yatoke, kikatiwa katika zailini ili alikoholi nayo iondoke, kikazamishwa ndani ya nta iliyoyeyushwa. Nta ikishaganda, fundi hukifunga kwenye maikrotomu, mashine yenye kisu kikali sana, na kukata utando wenye unene wa takribani maikromita 5, ambao huelea juu ya maji ya uvuguvugu na kunyanyuliwa kwa kigae cha kioo. Pumzi nzito au mkono unaotetemeka watosha kuukunja na kuuharibu. Mwisho hupakwa rangi mbili: hematoksilini, inayotokana na gogo la mti wa Amerika ya Kati na inayozipa viini vya seli buluu ya zambarau, na eosini, inayoipa sehemu iliyobaki waridi. Mbali na damu, seli nyingi za mwili hazina rangi yoyote, na ndiyo maana mtu wa kazi hii hujifunza kuziamini rangi kama alama tu na kuyaamini maumbo.

Hadubini ya elektroni, ambayo badala ya mwanga hutumia miale ya elektroni, inadai ukali zaidi: tishu huimarishwa kwa plastiki, hukatwa kwa kisu cha kioo au almasi kwa unene ulio chini ya sehemu ya kumi ya maikromita, na hupakwa metali nzito kama risasi na urani. Picha yake ni nyeusi na nyeupe daima, na rangi zinazoonekana kwenye mabango huongezwa baadaye.

Maathai aliendelea na utafiti wake katika vyuo vikuu vya Giessen na Munich, Ujerumani, akarudi Nairobi mwaka 1969, na mwaka 1971 akatunukiwa uzamivu kwa kazi yake juu ya ukuaji wa awali wa tezi za uzazi katika vijusi vya ng'ombe, yaani jinsi ambavyo seli zinazofanana mwanzoni hujitenga na kuwa za dume au za jike. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1977 profesa mshiriki. Somo la ng'ombe halikuwa la kubahatisha kwa mtu wa Nyeri. Tangu mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ulioitwa mpango wa Swynnerton, wa mwaka 1954, wakulima Waafrika wa nyanda za juu walikuwa wameanza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa wa kisasa kwa wingi, na adui mkubwa wa ng'ombe hao alikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kimelea Theileria parva kwa njia ya kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia.

Picha za ndigana kali ni miongoni mwa picha za kushangaza zaidi katika elimu nzima ya seli. Kimelea huingia ndani ya limfosaiti, yaani seli nyeupe ya kinga, na badala ya kuiua huilazimisha igawanyike bila kukoma. Kila seli igawanyikapo, kimelea hujishikiza kwenye nyuzi zinazotenganisha kromosomu, nacho kikagawanywa pamoja nazo, kila seli binti ikaondoka na sehemu yake. Katika kigae kilichopakwa rangi ya Giemsa kutoka tezi iliyovimba chini ya sikio la ng'ombe, huonekana kundi la nukta za zambarau juu ya buluu, zilizoitwa kwa muda mrefu miili ya buluu ya Koch kwa jina la Robert Koch. Mwaka 1970 watafiti Malmquist, Nyindo na Brown, huko Muguga karibu na Nairobi, walifaulu kuzikuza seli hizo nje ya mwili wa ng'ombe, na tangu hapo iliwezekana kuzichunguza zikiwa hai.

Ilikuwa katika utafiti wa kupe na kimelea hicho, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndipo Maathai alipofikia uamuzi uliobadili maisha yake. Akikusanya kupe kutoka kwa ng'ombe wa vitongoji vya Nairobi, aliona mito imejaa udongo baada ya mvua, nyasi ni chache, na wanyama wenyewe wamekonda kwa njaa kabla hata hawajashikwa na ugonjwa. Nyumbani Ihithe mti mkubwa, ule ambao Wakikuyu huuita mugumo na kuuheshimu, ulikuwa umekatwa ili chai ipandwe, na kijito cha mayai ya chura kilikuwa kimekauka. Hitimisho lake lilikuwa la mtaalamu wa tishu: kimelea ndani ya seli kilikuwa hatari ya kweli, lakini ardhi iliyokuwa inawalisha ng'ombe ilikuwa inakufa haraka zaidi. Mwaka 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Wanaoandika kwamba aliacha sayansi akaingia katika harakati wanapotosha mambo, kwa kuwa alifanya kile kile alichokifanya Allison aliposhuka mlimani, yaani kuitazama seli kisha kuuliza juu ya mahali ilipotoka.

Katika mwaka uo huo wa 1971 ambapo Nairobi ilimtunuku Maathai, hazina ya kimataifa ya maumbo ya protini ilianzishwa Marekani, nayo sasa ina maumbo zaidi ya 200,000 yanayoweza kufunguliwa bure. Mwanafunzi wa Karatina, Chuka, Embu au wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi mjini Nyeri anaweza kuutafuta msimbo 2HBS katika hazina hiyo kwa simu yake akaiona himoglobini ya selimundu iliyopimwa kwa eksirei, akaizungusha na kuikuta valini ya sita ikiwa imejibandika kwa jirani. Kinachokosekana kwenye skrini ni ramani. Umbo lile halisemi kwamba limeenea Kilifi, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliona kwamba sifa ya selimundu humkinga mtoto dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90, wala halisemi kwamba ni adimu kwa wenyeji wa Tetu, Mathira na Kieni. Walimu wa biolojia wa eneo hili wana nafasi ya kulijaza pengo hilo kwa kuibandika ramani ya mwaka 1954 kando ya mchoro wa molekuli, na jina la Maathai kando ya picha ya tishu.

Suala hili si la kumbukumbu pekee. Mwaka 2006 watafiti, wakiwemo Wakenya Andrew Githeko na John Githure, walichapisha habari kwamba mbu Anopheles arabiensis, anayeeneza malaria, amekutwa akizaliana Karatina na Naro Moru, kati ya mita 1,720 na 1,921 juu ya usawa wa bahari, na kwamba kuna dalili za maambukizi ya papo hapo mlimani. Watu wa miteremko hiyo wamelindwa na baridi kwa vizazi vingi, na karibu wote hawana ile himoglobini inayowapunguzia watu wa pwani ukali wa malaria. Homa ikimpata mtoto wa Naro Moru ambaye hajawahi kusafiri, apimwe damu. Zahanati zote za upande huo wa mlima ziwe na hadubini inayofanya kazi, chupa ya Giemsa isiyopitwa na wakati, na mtaalamu wa maabara aliyefundishwa kuitambua pete ndogo ya buluu ndani ya seli nyekundu, na kaunti, ambazo zimekabidhiwa huduma za afya tangu mwaka 2013, zilitengee jambo hilo fedha katika bajeti ya kila mwaka.